Mama mkwe kasoma jina tulilompa kwenye kundi la tamthilia, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Mbagala, tuna kundi la WhatsApp la wanawake tisa wa mtaani. Lilianza enzi za Sultan pale Azam, ile ya Waturuki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Tamthilia ikaisha, majina yakabaki. Mimi ni Hurrem, yule mateka mwenye nywele nyekundu aliyeishia kuwa mke wa Sultan Suleiman. Jirani aliyeletewa mke mwenza ni Mahidevran, yule mwenza wa Hurrem, na jina kajichagulia mwenyewe.

Msinione mtoto. Mimi wa Songea, nimeolewa kwa watu wa Pwani. Siku ya kwanza nilipokalia mbuzi kukuna nazi, mawifi wote walisimama kunitazama. Sasa nilipomwona yule binti mateka, hajui lugha ya kasri na bado anacheka kwa sauti, nikasema huyu ni mimi. Wifi aliponisema tena, nilinyoosha shingo nikamjibu. Zamani ningeenda kulia chooni.

Tatizo: Jumapili mama mkwe kaazima simu yangu, ujumbe ukaingia: "Hurrem, Mama wa Sultan kashakula, au bado anasaga sumu?" Kavaa miwani, kausoma neno kwa neno, kanirudishia simu. Leo siku ya tatu hasemi. Nianzie wapi?

Kibatari: Nimekaa paleee na kashata yangu.

Mzee wa Ujiji: Binti, huyo Hurrem kwenye tamthilia ndiye aliyemchimbia Mustafa, mtoto wa Mahidevran, hadi akanyongwa. Wewe umechukua shingo tu, mikono umeiacha? Ila hushangazi. Hata kwao waligombana: mwaka 2012 Erdoğan, waziri mkuu wa Uturuki wakati huo, alilalamika hadharani kwamba Suleiman halisi alikaa miaka 30 juu ya farasi, sio kwenye kasri. Kila mtu na Suleiman wake.

Chausiku: Mnakumbuka ile ya Kichina ya Doudou, TBC, 2011? Hadi Rais Xi alipokuja Dar 2013 aliitaja kwenye hotuba. Nyumbani tulikuwa tunaangalia kochi moja. Mama anamlilia Doudou na wakwe zake, bibi anasonya, "Huyo mkamwana hana adabu." Dada, mama mkwe wako naye alikuwa anaangalia Sultan?

Mwenye uzi: Hakosi! Ukibadilisha chaneli ananuna.

Chausiku: Basi usianze na samahani ya jumla jumla. Sumu iombee radhi, hiyo ni tusi. Halafu muulize yeye alikuwa anajiona nani mle ndani.

Fundi Redio: Na badilisha mpangilio, ujumbe usitokee kwenye kioo. Huo ndio ushauri wangu wote.

Mwenye uzi: MREJESHO. Jana usiku nimempelekea chai ya tangawizi, nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa ile sumu. Kanywa nusu kikombe kimya. Halafu: "Mama wa Sultan ndiyo nani? Mimi nililetwa nyumba hii kutoka Kilwa nina miaka kumi na saba. Mama yao alikuwa ananihesabia vipande vya samaki. Yule mwekundu akicheka, mimi humu ndani nilikuwa nacheka naye."

Kwa hiyo Hurrem tuko wawili, jiko moja. Mume wangu kaaga anaenda kuangalia mpira, na leo hakuna mechi.

Kibatari: Kashata imeisha. Nani ana karanga?