Kontena la mvinyo likikwama bandarini Dar, saa ya tozo isimame au iendelee?

Mleta mada (mwagizaji mdogo, Mikocheni)

Wadau, naleta hoja moja tu: mzigo ukichelewa bandarini kwa sababu isiyo ya mwagizaji, kwa nini tozo ya uhifadhi iendelee kuhesabiwa juu yake?

Naagiza mvinyo, kontena mojamoja la futi 20. Likipangwa vizuri linabeba chupa zaidi ya elfu kumi. Bidhaa hii ina msimu wake. Novemba na Desemba kuna harusi, sendoff, Krismasi, na hoteli za Zanzibar zinajaza stoo. Januari ikiingia, watu wanawaza ada za shule, na chupa iliyochelewa wiki tatu inaweza kukaa rafuni mpaka Pasaka. Msimu uliopita kontena langu lilishushwa, likapelekwa bandari kavu (uwanja wa makontena nje ya bandari), likasubiri ukaguzi, halafu mfumo ukalala. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyokuwa mikononi mwangu, lakini ankara ilihesabu kila siku.

Kabla hamjaniambia habari za vita, niliweke hili sawa. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa mvinyo wa Italia, Ufaransa au Hispania, sababu hiyo naikubali. Lakini mvinyo mwingi kwenye rafu zetu unatoka Afrika Kusini, na meli ya Cape Town kuja Dar haikanyagi Bahari ya Shamu hata kidogo. Mtu akikwambia chupa za Stellenbosch, eneo la mvinyo huko Afrika Kusini, zimechelewa kwa ajili ya Wahouthi, muulize jiografia alisomea wapi. Cape Town ina ugonjwa wake: upepo mkali wa kiangazi chao, ambao ukivuma kreni zinasimama, na unavuma miezi ileile tunayohitaji mzigo. Kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya ufanisi wa bandari za makontena ya mwaka 2023, Cape Town ilikuwa ya 405 kati ya 405.

Upepo siushitaki. Ninachodai ni cha hapa nyumbani. Faili likiwa mezani kwa ofisi ya umma, saa ya uhifadhi isimame. Likirudi kwangu, saa iendelee. Mfumo wa dirisha moja la kielektroniki, ambamo nyaraka za mzigo hupitia, tayari unaandika faili lilipo na tangu lini, kwa hiyo hakuna cha kubishania.

Wakala wa forodha, Kurasini

Mleta mada, pole kwa hasara, ila umechanganya saa tatu ukaziita moja. Kuna uhifadhi, ambao ni pesa ya eneo kontena lilipokaa. Kuna demareji, ambayo ni pesa ya kampuni ya meli kwa kontena lao kukaa bandarini kupita siku za bure. Halafu kuna tozo ya kuchelewa kurudisha kontena tupu, hiyo inakukuta ukiwa umeshatoa mzigo. Serikali ikitaka inaweza kugusa ya kwanza. Mbili zilizobaki ni za mwenye meli, na ulizikubali siku ulipopokea hati ya shehena, yaani mkataba wako wa usafirishaji na kampuni ya meli, hata kama hukusoma maandishi madogo ya nyuma.

La pili nitalisema ingawa wateja wangu hawatafurahi. Kazi hii naifanya siku nyingi. Makontena mengi ya vileo ninayoyaona yamekaa hayasubiri mkaguzi. Yanasubiri hela. Mvinyo una ushuru wa bidhaa, na juu ya yote inapigwa VAT asilimia 18. Mwagizaji ametumia mtaji wote kununua na kusafirisha, mzigo umefika, fedha ya kodi hana, anasubiri kwanza auze vitu vingine. Ukisimamisha saa kiholela, umewapa watu ghala la bure katikati ya mji.

La tatu ni nyaraka. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa siku 21 za kuwasilisha maelezo ya mzigo, na watu wanazitumia zote kana kwamba ni likizo. Unaruhusiwa kuwasilisha kabla meli haijafika! Wangapi wanafanya? Cheti cha uasili cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), kinachothibitisha mzigo umetoka nchi mwanachama na kinachokupa nafuu ya ushuru kwa mvinyo wa Afrika Kusini kinatumwa baada ya meli kuondoka, kinafika Dar baada ya kontena, kisha lawama inakwenda bandarini. Na hapo sijagusa stempu za kodi za kielektroniki zilizoanza kwa mvinyo na pombe kali Januari 2019. Chupa isiyo na stempu huwezi kuiweka rafuni, hata ungeitoa bandarini kwa siku moja.

Mchangiaji, Temeke

Yaani mnalilia pombe? Nchi ina mambo ya maana ya kujadili.

Mleta mada

Kaka wa Temeke, imani yako naiheshimu. Ila toa mvinyo, weka vipuri vya mashine ya hospitali au maziwa ya watoto. Kanuni ni ileile, na tozo ni ileile.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Salamu kutoka Dodoma. Nimewasoma wote na sijaona mtu anayeuliza swali la msingi: kwa nini mnasubiri meli?

Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo hao wa Cape Town hawana. Shida yetu ni soko. Msimu wa mavuno viwanda vikijaa, mkulima anabaki na zabibu zinazooza shambani au anakamua mchuzi wa zabibu na kuupigia watu simu kama anayeomba. Serikali ilishatuwekea uzio: kwa miaka kadhaa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ulitozwa ushuru wa bidhaa shilingi 200 kwa lita, huku wa zabibu za nje ukitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Bado mnapanga foleni Kurasini. Tangu Julai 2024 kuna treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma, na safari ni chini ya saa nne. Njooni muonje kabla ya kuagiza.

Sisemi nje ufungwe. Nasema hasara ya mtu aliyechagua kuagiza mbali isibebwe na umma.

Meneja wa mgahawa, Masaki

Mzee wa Hombolo, mvinyo wenu ninauuza, na wateja wa Dodoma tamu ninao wengi kuliko mnavyodhani. Nyinyi nanyi hamjatoka baharini lakini. Vizibo vinatengenezwa kwa gome la mti, na karibu nusu ya gome hilo duniani linatoka Ureno. Ukitumia kizibo cha kweli, nawe unasubiri meli, tena ile ya kuzunguka Rasi.

Kitu ambacho hapa kimepitwa juujuu ni joto. Mnajadili siku kana kwamba mvinyo ni mabati. Kontena la kawaida likikaa juani Dar mwezi wa pili, ndani linakuwa tanuri. Vizibo vinasukumwa juu, mvinyo unavuja pembeni, na hata usipovuja ladha ya tunda inakufa. Nimeshapokea mzigo ambao ukiutazama ni mzima, lebo safi, lakini ukifungua unanusa jamu iliyoungua. Mteja analipa laki moja na ushee mezani kwangu, anaonja, anasukuma glasi. Nani anarudisha? Msambazaji anasema kwake ulitoka salama. Bima nayo masharti yake ya kawaida kwa mizigo ya baharini yanaiengua hasara inayotokana na kuchelewa. Watu wengi hawajui hilo mpaka siku wanapodai. Suluhisho ni kontena la baridi, lakini hilo nalo linakula umeme bandarini, na umeme huo unalipia kwa siku. Kwa hiyo aliyejali ubora ndiye anayeadhibiwa zaidi foleni ikirefuka.

Mjumbe wa kamati ya harusi, Tabata

Nauliza kwa upole tu. Tulilipa malipo ya awali ya katoni Oktoba. Desemba tukaambiwa mzigo uko bandarini na bei imepanda, tuongeze au tuchukue nyingine. Tukaongeza, tungefanyaje, kadi zimeshatoka. Sasa mleta mada, ukisamehewa hizo tozo, bei itashuka? Maana tozo ikipanda mnatuletea sisi haraka sana.

Mleta mada

Dada wa Tabata, sikudanganyi: chupa iliyozoea kuuzwa elfu 45 hairudi elfu 38 kwa sababu ya msamaha. Faida yako itaonekana kwingine. Leo nikipanga bei naweka na pesa ya hofu, kwa sababu sijui kontena litakaa siku ngapi. Nikijua saa inasimama pale ambapo kosa si langu, nitaweza kukuandikia bei ya Oktoba na kuisimamia Desemba. Aliyekuongezea bei baada ya kupokea hela yako alikosea, tozo au bila tozo.

Mwanasheria, Upanga

Demareji si lazima tuishangae kama mvua. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022, na kanuni zilizoanza kutumika Mei 2024 zinamtaka mwenye meli atoe ankara ndani ya siku 30, ikiwa na taarifa zote zilizotajwa. Akichelewa au akiruka taarifa, mdaiwa halazimiki kulipa. Sisi tuna TASAC, wakala wa serikali wa meli ulioundwa kwa sheria ya 2017, yenye kazi ya kudhibiti huduma za meli. Anzieni hapo.

Kwenye uhifadhi kuna fundo zaidi. Tangu mkataba wa Oktoba 2023, sehemu ya gati zinaendeshwa na DP World, kampuni ya Dubai, kwa miaka 30, na mwaka 2024 kituo cha pili cha makontena kikaenda kwa Adani, kampuni ya India, miaka 30 vilevile. Ofisi ya umma ikichelewesha faili, anayepoteza nafasi uwanjani ni mwendeshaji binafsi. Ukimwambia asimamishe saa, atauliza nani anamfidia. Kwa maoni yangu, ofisi iliyochelewesha ndiyo ilipe, kutoka kwenye bajeti yake.

Wakala wa forodha, Kurasini

Ofisi ilipe kutoka bajeti yake! Mwanasheria, nikuandalie kiti siku hiyo nije kutazama.

Lakini nitasogea. Nitaunga mkono saa kusimama kwa masharti mawili: nyaraka ziwe zimewasilishwa kabla meli haijafunga gati, na kodi iwe imelipwa. Aliyetimiza hayo akikwama kwa mkaguzi au kwa mfumo kulala, asilipe hata senti ya uhifadhi. Aliyeleta nyaraka siku ya 18 alipe yote.

Mleta mada

La nyaraka nakubali, tena liandikwe hivyohivyo. La kodi tutabishana. Naweza kutangaza thamani ya ankara yangu na kulipa, kisha kadirio la thamani likapandishwa katikati ya ukaguzi na kudaiwa tofauti. Siku za kubishania kadirio hilo ni za nani? Nilishalipa kiasi nilichokijua. Kama sharti lako linazihesabu kwangu, tumerudi palepale.

Wakala wa forodha, Kurasini

Weka dhamana ya tofauti, toa mzigo, ubishane nao ukiwa dukani kwako. Njia hiyo ipo, ingawa si kila ofisa anaipenda.