Naombeni ushauri: naambiwa uso wangu umechoka kwenye kamera

Waridi_la_Kino
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mwigizaji wa tamthilia inayoruka kwenye king'amuzi, jina nitaomba libaki kwangu. Nina miaka 42. Nimeigiza mke wa tajiri tangu msimu wa kwanza, hata sokoni watu wananiita kwa jina la huyo mhusika. Sasa dairekta ameniita pembeni, ananiambia uso umeanza kuchoka, kamera za siku hizi zinaonyesha kila kitu, na msimu ujao wanafikiria kunifanya mama mkwe. Huyo atakayekuwa mkwe wangu nimemzidi miaka sita! Tukiwa nje ya seti ananiita dada.

Siku hiyohiyo msichana wa mekapu alinipaka poda chini ya macho, akafuta, akapaka tena. Nilipotazama monita nikaona poda imejikusanya kwenye mistari, nikicheka inapasuka. Sini ikarudiwa, na watu wote pale walijua kwa nini inarudiwa.

Naomba kujua kwa waliofanya au wenye ndugu waliofanya: upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso unauma kiasi gani, na mtu anarudi kazini baada ya muda gani? Matusi hapana, tafadhali. Nawasilisha.

Chuma_cha_Reli
Dada, 42 bado mbichi kabisa. Mama yangu ana 70, analima mahindi Kilosa na uso umenyooka. Kunywa maji, lala mapema, achana na mkorogo. Halafu hao madairekta wakikuambia umechoka ujue wana lao jambo.

Waridi_la_Kino
Mkuu, hajaniomba kitu, tusimsingizie. Mkorogo situmii. Nimeuliza kuhusu upasuaji.

Fundi_Taa
Nimefunga taa kwenye lokesheni nyingi, tamthilia na video za muziki. Nusu ya huo "uchovu" ni taa kuwekwa juu. Mwanga ukishuka kutoka darini unajaza kivuli kwenye mashimo ya macho na pembeni mwa mdomo, hata binti wa miaka 25 anazeeka hapohapo. Ishushwe ikaribie usawa wa macho, mbele yake kiwekwe kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, na chini ya kidevu ubao mweupe wa kuurudisha. Ni kazi ya dakika chache, ila kwa siku tunarekodi sini nyingi na prodyuza anapiga kelele, kwa hiyo hakuna anayepanga taa kwa ajili ya mtu mmoja. Lawama zinamwangukia mwanamke aliye mbele ya kamera. Na huyo anayeigiza mume wako ana miaka mingapi?

Waridi_la_Kino
55. Yeye anabaki palepale. Msimu ujao anaoa mke mdogo, binti wa miaka 24.

Mzee_Kipara
Binti yangu, shukuru ulivyoumbwa. Mwaka 2005 mke wa Rais Obasanjo wa Nigeria, mama Stella, alifia Hispania baada ya kwenda kupunguzwa mafuta mwilini. Mke wa Rais! Hakukosa hela wala daktari. Wewe una nini cha kumshinda? Mvi ni heshima, wenzako wanaziomba hawazipati.

Dada_wa_Tanga
Mimi naogopa visu tangu ya mamdogo wangu. Alijipaka karolaiti, krimu ya kujichubua, miaka nenda rudi. Alipopasuliwa uvimbe wa kizazi mshono ukakataa kufunga, daktari akatuambia ngozi imeshalika na kemikali. Tulikuwa tunapokezana kumsafisha kidonda, na mumewe ndiye aliyekuwa anamnunulia hayo makopo, lakini hospitali hakukanyaga. Mpaka leo nikimwona huyo mzee msikitini simsalimii.

Nesi_wa_Zamu
Pole mamy. Wenzangu, dada ameuliza swali, tumjibu. Maumivu yenyewe yanadhibitika kwa dawa. Uvimbe na michubuko huchukua kama wiki mbili kupungua, na mbele ya kamera hesabu muda mrefu zaidi ya huo, maana uso hukaza na ganzi huchelewa kuisha. Sasa na mimi nikuulize. Unafanyia wapi? Daktari gani amekuona ana kwa ana? Na je, ukipata kidonda kovu lako huwa linavimba?

Waridi_la_Kino
Istanbul. Bado naangalia angalia.

Nesi_wa_Zamu
La kovu hujajibu.

Waridi_la_Kino
Ninalo moja. Nyuma ya sikio la kushoto, nilipotoga tundu la pili. Lilivimba, likakatwa, likarudi kubwa kuliko la mwanzo. Jingine la mshono wa uzazi. Lakini la sikio nalifunika kwa nywele, halijawahi kunizuia kazi.

Na niseme tu ukweli, advansi nimeshalipa na tiketi ninayo, hela ya kikoba. Msidhani nimekurupuka. Hiyo bei ina hoteli ndani yake na gari la kukupokea uwanja wa ndege. Hapa Dar nikionekana tu kwenye korido ya hospitali, jioni niko Instagram. Niliwatumia picha za uso kwa WhatsApp, wakanipangia kila kitu. Kuhusu makovu hawakuuliza.

Nesi_wa_Zamu
Hapo ndipo penye shida yote, mamy. Upasuaji huo unakatwa mbele ya sikio, unazunguka nyuma yake na kuishia kwenye nywele. Kisu kinapita palepale kovu lako lilipo. Keloidi, yaani kovu linalovimba kama hilo lako, ambayo imekatwa ikarudi kubwa zaidi ni onyo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi, na sikio ni moja ya sehemu zake kuu. Sisemi lazima itatokea. Nasema daktari anayekupangia tarehe bila kuligusa kwa kidole hilo kovu hajakuona.

Kingine, keloidi haimalizwi kwa siku moja. Hufuatiliwa kwa sindano za steroidi kwa miezi. Ukirudi Dar likianza kuvimba, nani atakuchoma hizo sindano? Aliyekukata yuko Istanbul.

Ukitaka ya bila kisu ipo Botox, inalegeza misuli inayokunja ngozi na hukaa miezi 3 hadi 4, isipokupendeza inaisha yenyewe. Zipo na sindano za kujaza za asidi ya hayaluroniki, ambazo zinaweza kuyeyushwa. Nazo si za kuchomwa saluni, maana ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi hufa, na jicho linaweza kupofuka. Kama ni lazima upasuliwe, hata Muhimbili Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi. Angalau kovu lako litaangaliwa na mtu aliye mbele yako.

Mpenzi_wa_Sopu
Nyongeza. Jeanne Cooper wa tamthilia ya The Young and the Restless, Marekani, mwaka 1984 alivutwa uso kweli na picha za upasuaji wenyewe zikaingizwa kwenye hadithi ya mhusika wake. Alianza 1973 akaendelea kuigiza hadi mwaka aliofariki, 2013, akiwa na miaka 84. Waandishi walimfuata yeye na umri wake. Huku kwetu mwanamke akifika 40 wanampa kanga na kijiti cha kukoroga ugali.

Waridi_la_Kino
Mwenzangu yule alikuwa na mkataba. Mimi nalipwa kwa siku ya kurekodi. Mama mkwe ana sini mbili kwa wiki, mke wa tajiri anaitwa karibu kila siku. Ada ya mwanangu inatoka hapo. Mnaniambia nijikubali, nimejikubali, lakini shule haipokei kujikubali.

Kiboko_ya_Chai
Wakuu mnakunywa chai na mnaomba kuongezewa. Staa wa king'amuzi aje kuulizia upasuaji huku? 2022 Vera Sidika wa Kenya alitangaza amelazimika kuondoa makalio ya bandia, watu wakampa pole, kumbe kiki ya wimbo. Subirini msimu mpya, mke wa tajiri atapanda ndege ya Uturuki na huu uzi ndio tangazo lenyewe.

Chuma_cha_Reli
Hata mimi nilishtuka kidogo. Mara bado naangalia, mara tiketi ninayo.

Kiboko_ya_Chai
Aweke picha ya hilo kovu tuamini.

Waridi_la_Kino
Siweki. Kwa sikio hilo nitajulikana kesho asubuhi. Asiyeamini apite, mimi kiki ya nini wakati jina langu sijalitaja?

Fundi_Taa
Mimi namwamini. Mambo ya poda kupasuka kwenye monita huyajui kama hujakaa pale. Ila dada, dairekta anajua unasafiri?

Waridi_la_Kino
Hapana. Nilitaka waone matokeo tu.

Fundi_Taa
Na msimu huu mmeshamaliza kurekodi?

Waridi_la_Kino
Bado. Karibu nusu imebaki.

Fundi_Taa
Aisee. Na kontinuiti? Haturekodi kwa mpangilio wa hadithi. Sini ya kufungua mlango inarekodiwa leo, ya kuingia sebuleni mwezi ujao. Ukirudi na uso mwingine, au umevimba, mke wa tajiri atafungua mlango akiwa huyu na kuingia ndani akiwa yule. Hawatarudia kurekodi kwa ajili yako. Watamuua mhusika kwa ajali, basi. Hata hicho cha umama mkwe utakikosa.

Dada_wa_Tanga
Hilo la kontinuiti limenisisimua mwili.

Nesi_wa_Zamu
Mamy, waandikie hao watu sasa hivi. Watumie picha ya kovu la sikio, waulize kama daktari mpasuaji mwenyewe ameiona na atafanya nini likivimba. Maandishi, usipige simu.

Waridi_la_Kino
Nimewaandikia. Wamejibu kwamba daktari ataangalia nikifika. Advansi hairudi, tarehe inasogezeka.

Nesi_wa_Zamu
Akiangalia ukiwa tayari umevaa gauni la upasuaji, utakuwa na nguvu ya kukataa? Sogeza. Kwanza uonwe na daktari wa ngozi hapahapa.

Waridi_la_Kino
Nasogeza hadi msimu uishe, na kwa daktari wa ngozi nitaenda. Lakini safari sijaifuta, msije kusema nimewadanganya.

Kiboko_ya_Chai
Mrejesho tu dada, hata kama ni chai.