Kati ya hoteli mbili nikachagua hii, leo naambiwa "chai ya madereva iko chini"!!!

Baba Mapacha Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za asubuhi, kwangu mimi sio nzuri. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, ngazi zenyewe zimesimama kama za kukwea mnazi, simu ina chaji asilimia 14 na soketi ya chumbani haifanyi kazi mpaka uibane na kandambili. Hapa nimeshatulia, saa moja iliyopita ningeandika mambo mengine mods wakanipiga ban ya maisha.

Jina la hoteli silitaji. Mnaijua. Ile ya Mji Mkongwe, mlango mkubwa wa misumari ya shaba, ukiingia kuna paka wa rangi ya chungwa amelalia daftari la wageni na hakuna mtu wa kumtoa, unasaini pembeni ya mkia. Na yule mhudumu wa juu darini mnamjua pia, yule anayebeba trei kwa vidole vitatu kama yuko kwenye sarakasi. Huyo huyo.

Sasa sikilizeni. Asubuhi mke wangu katangulia kupanda kunywa chai, mimi nimebaki nahangaika na bomba linalotoa maji kwa awamu. Namaliza, napanda ngazi 61 (nimezihesabu, sina kazi nyingine), nafika juu nahema, namuona mama watoto kakaa meza ya pembeni, miwani ya jua, mtandio wake mpya, ana sahani ya matunda. Najongea nivute kiti. Yule bwana kanizuia kwa trei. KWA TREI wakuu. Akasema kwa upole kabisa, "Kaka, chai ya madereva iko kule chini, nyuma ya jiko."

Halafu akamgeukia mke wangu: "Usijali dada, ukimhitaji tutamwita."

Na mama watoto, mwanamke niliyemtolea mahari, tuko hapa kusherehekea miaka kumi ya ndoa, AKANYAMAZA. Sekunde tatu. Nimezihesabu na zenyewe. Sekunde tatu kashika kipande cha papai ananiangalia kama anafikiria, ndio akasema "huyo mume wangu."

Chai ya madereva!

Na kinachoniuma zaidi hii hoteli nilichagua mwenyewe. Zilikuwa mbili mezani. Yeye alitaka ile nyingine upande wa Malindi, huku huku Mji Mkongwe, ndogo, vyumba vichache, ua wa ndani wenye mti wa mkungu, feni na chandarua, 90,000 kwa usiku na chai. Mimi nikasema hapana, miaka kumi ya ndoa huwezi kulala kwenye feni, nikachukua hii ya 185,000 kwa sababu ya AC na picha ya bahari mtandaoni. Bahari ipo kweli. Ukipanda kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji unaiona, upana wake kama rula ya shule. AC ipo pia, inaunguruma kama mashine ya kukoboa na inapuliza hewa ya vuguvugu kama mtu anakupulizia uji. Tofauti ni 95,000 mara siku tatu, yaani 285,000. Nimelipa laki mbili na themanini na tano za ziada ili niitwe dereva wa mke wangu.

Nyuma ya jiko!!

---

Dogo wa Buza

Hahahahaha daah "tutamwita". Pole mkuu. Ila chai ulikunywa wapi mwishowe?

---

Shangazi Mstaafu

Mwanangu hasira zako hazinihusu, mimi nimekwama kwenye zile sekunde tatu. Huyo mke ana jambo moyoni. Alikwambia mwende ile ya feni hukumsikiliza. Hilo lilikuwa jibu lake.

---

Mkaa Barazani

Mie niko hapa hapa Unguja. Bwana we, dereva wa nini Mji Mkongwe? Vichochoro vyetu gari haiingii, labda uwe dereva wa mkokoteni. Hebu twambie ulivaa nini.

---

Baba Mapacha Tabata

@Mkaa Barazani nguo zinahusiana nini na utu wa mtu? Nilivaa kawaida tu. Kadeti na fomu siksi nyeupe, ile fulana ya kola.

@Dogo wa Buza chai nilikunywa juu, kwa jazba, na chapati tatu kwa makusudi. Lakini haikushuka. Ukishaambiwa nyuma ya jiko mbele ya mkeo chai haishuki. Meza ya jirani kulikuwa na Wajerumani wawili hawajui Kiswahili ila walielewa kila kitu, yule mama wa Kijerumani alinipa tabasamu la pole.

---

Msomi Asiye na Ajira

Fomu siksi ya dukani au ya kazini?

---

Baba Mapacha Tabata

Ya kazini. Sasa? Ni safi, ina nembo ndogo tu kifuani.

---

Msomi Asiye na Ajira

Na kiunoni?

---

Baba Mapacha Tabata

Funguo za gari. Ni mazoea, huwa nazitundika kwenye lupu ya mkanda kila nikivaa suruali.

---

Dogo wa Buza

GARI LIKO TABATA MZEE BABA. Umevuka bahari na boti na funguo za gari kiunoni 😂😂😂 fomu siksi ya kampuni, kadeti, funguo zinalia kling kling ngazi 61 zote, halafu unamjia mwanamke mwenye miwani ya jua. Hata mimi ningekwambia chai iko chini.

---

Mkaa Barazani

Kijana wa watu hana kosa hata chembe. Madereva wanaoleta wageni kutoka Nungwi na Paje ndivyo wanavyovaa hivyo hivyo. Na wana chai yao kweli, bure, na mara nyingi ndo nzuri kuliko ya juu. Umekosa maharage ya nazi na mandazi ya moto kwa kiburi chako.

---

Baba Mapacha Tabata

Kwa hiyo mnamtetea. Sawa. Mtu anakaa sekunde tano bila kumtambua mume wake mnaona ni sawa. Na bado chumba, wakuu, chumba chenyewe chembamba nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, mnalala kama dagaa kwenye kopo. 185,000!

---

Shangazi Mstaafu

Zilikuwa tatu asubuhi.

---

Mkaa Barazani

La chumba hapo utamuonea mwenye hoteli. Nyumba zetu kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti huwa haivuki sana mita tatu, kwa hivyo chumba kinarefuka hakipanuki, ndo maana kila nyumba ya kale utaona vyumba kama behewa. Na ukitaka kuvunja ukuta upanue huwezi kienyeji, mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Jengo halitaki mchezo, Beit al Ajaib lenyewe, lile Jumba la Maajabu, lilimeguka Disemba 2020. Wewe shukuru umelala umeamka na dari iko juu.

---

Wakili wa Mtaani

Nimesoma uzi wote. Swali la msingi: bei walikutangazia kwa shilingi au kwa dola? Kwa sababu tangu 2025 kuna kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Kama ilikuwa dola una pa kuanzia.

---

Baba Mapacha Tabata

Shilingi.

---

Wakili wa Mtaani

Basi huna kesi.

---

Wa Mombasa Raha

Poleni ndugu zetu, ila nyinyi mnalialia na mnalipa bei ya wenyeji. Mimi nilivuka kutoka Mombasa kuja huko Unguja nikaenda hoteli, jina silitaji vilevile, naongea Kiswahili kizuri kuliko mwenyewe wa risepsheni, akaniuliza paspoti, kuona ya Kenya akageuza kikaratasi upande wa pili. Upande wa pili bei ilikuwa mara mbili! Nikamwambia mimi na wewe tumelishwa na mama mmoja tukatenganishwa na bahari, akanijibu "ndio, bahari hiyo."

---

Dogo wa Buza

"Ndio bahari hiyo" 😂 huyo aajiriwe mahakamani

---

Mpanda Boti

Mnalalamikia hoteli kwa kuwa hamjapanda boti kipindi cha kusi, upepo ukichafua bahari. Ni kama saa mbili tu toka Dar ila mimi nilizeeka humo ndani. Mhudumu anapita anagawa vifuko vyeusi, nikamwambia mimi sihitaji mimi mtoto wa Bagamoyo, baba yangu mvuvi. Kufika katikati ya mkondo nilikuwa natapika kwenye kofia ya mzee aliyekaa mbele yangu. Kofia ya kiua wakuu, ya kushonwa kwa mkono. Mpaka leo nikiona kofia ya kiua naomba msamaha.

---

Shangazi Mstaafu

Ya kiua zinachukua miezi kushona. Ulimlipa?

---

Mpanda Boti

Nilimpa elfu ishirini akakataa. Akasema "nenda tu mwanangu."

---

Baba Mapacha Tabata

Wakuu turudi kwenye mada. Sasa hivi nimeshuka mapokezi kulalamika rasmi. Nimemkuta meneja, mnamjua, yule wa tasbihi. Nimemueleza yote, trei, nyuma ya jiko, sekunde kumi za mke wangu. Kanisikiliza vizuriii, akatikisa kichwa, akasema "pole sana bwana, kwani bosi wako anaondoka lini?"

BOSI WANGU.

---

Dogo wa Buza

Nimeangusha simu

---

Msomi Asiye na Ajira

Ulikuwa umetoa funguo kiunoni?

---

Baba Mapacha Tabata

Nimesahau.

---

Shangazi Mstaafu

Sekunde zilikuwa tatu, zikawa tano, sasa kumi. Mpaka jioni huyo mwanamke atakuwa amekukana mwezi mzima.

---

Mama wa Kiponda

Nyie mnaongelea AC mbovu, mie nakumbuka umeme ulivyokatika kisiwa kizima Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya chini ya bahari ilikufa, miezi mitatu, jenereta zinalia kila kichochoro na maji tunachota kwa ndoo. Mgeni alokuja mwaka ule hakuuliza habari ya AC. Alouliza alipewa kipepeo cha ukili ajipepee.

---

Mkaa Barazani

Naam! Na 2008 pia ilikatika, ila ile haikufika miezi mitatu. Ndo mwaka nilijua jirani zangu wote kwa sauti zao tu.

---

Wa Mombasa Raha

Hiyo ya Malindi ya 90,000 yenye mti wa mkungu, ni ileile yenye bibi anayepika mwenyewe? Nataka nije Aprili.

---

Mama wa Kiponda

Ndo hiyo hiyo. Aprili masika, mvua inakuja ya kuangusha, ila bei watakupunguzia na nafasi zipo tele. Usije Februari wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, hata sakafu hupati. Bibi anapika urojo Ijumaa.

---

Mpanda Boti

Urojo wa Forodhani umeharibiwa siku hizi, wanajaza unga kama wanabandika mabango. Niliulizwa "na chipsi za muhogo?" kana kwamba ni hiari!

---

Dogo wa Buza

Huku Dar tunaita Zanzibar mix na ni tamu kuliko huko kwenu, semeni mnachotaka

---

Mkaa Barazani

Mods naomba huyu mtu afungiwe. Ile ya Dar ni supu ya manjano. Urojo lazima uwe na ukali wa embe mbichi, sio ndimu ya kukamulia mwishoni kama mnanawa mikono.

---

Mama wa Kiponda

Embe si lazima, mamangu alikuwa anatia ukwaju.

---

Mkaa Barazani

Ukwaju?! Mama wa Kiponda mzima unasema ukwaju hadharani?

---

Baba Mapacha Tabata

Mke wangu kaniuliza tuhamie ile ya Malindi usiku uliobaki. Ameshapiga simu, chumba kipo. Nimemwambia nafikiria. Nikanyamaza sekunde tatu, makusudi, nikimwangalia. Akasema "chukua mabegi, dereva." Wakuu hii ni haki??

---

Wa Mombasa Raha

Mama wa Kiponda huo ukwaju unauloweka usiku kucha ama asubuhi yatosha?

---

Mama wa Kiponda

Asubuhi yatosha, maji ya moto. Ila chuja vizuri, kokwa ikibaki inaharibu.

---

Mkaa Barazani

Mnamfundisha mgeni makosa.