Kikundi cha familia: Nyumba ya Kikwajuni

JUMATANO

Rukia, 20:05
Assalaam alaykum nyote. Mafundi wa paa wanaanza Jumamosi saa mbili asubuhi, bati zote zinashushwa. Chumba cha Mama kiwe kitupu Ijumaa usiku. Leo nimeanza kutoa vitu vyake vya ushoni na nimeona niwaandikie kabla mtu hajaja na mfuko wake.

Rukia, 20:07
Vilivyopo: cherehani ya mkono na kifuniko chake cha mbao, mkebe wa Quality Street wa vifungo, mkasi mkubwa wa kukatia, subana mbili, pasi ya mkaa, kanga zilizomo kwenye kasha, LILE DAFTARI, na mfuko wa vitambaa vya kofia.

Rukia, 20:09
[Picha 11]

Rukia, 20:12
Vyote vikae pamoja. Sitaki kusikia huyu kachukua mkasi kwa ukumbusho, yule kachukua vifungo. Mama alikaa navyo pamoja maisha yake yote. Kila mtu atoe elfu kumi na tano, ya gari la kubebea na ya fundi wa kasha, bawaba zimeng'oka. Jibuni.

Rukia, 20:58
Nawaona mmesoma.

Kassim, 21:10
Shikamoo Shangazi. Huo mkebe umeufungua? Isije kuwa safari hii chokoleti zimo kweli

Mama Nasra, 21:11
😂😂 Mtoto huyu alilia siku nzima kwa ajili ya mkebe ule

Kassim, 21:12
Nilifungua nikakuta zipu na vifungo vya suruali ya babu. Sijasahau

Rukia, 21:13
Marahaba. Elfu kumi na tano Kassim.

Kassim, 21:13
Mwisho wa mwezi inshallah

Rukia, 21:14
Paa halingoji mwisho wa mwezi.

Salim wa Zuhura, 21:30
Mamkubwa, naomba picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma cha cherehani, upande wa gurudumu la mkono. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Usitie spiriti, itakula vanishi na yale maua ya dhahabu yatatoka nayo.

Rukia, 21:44
[Picha]

Salim wa Zuhura, 21:52
Inaanza na EJ. Basi ni Singer ya Clydebank, Uskochi, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980 lakini stesheni ya treni ya pale mpaka leo inaitwa Singer. Bibi alituambia aliipata kabla ya kuolewa, na sisi tulikuwa tunambishia.

Kassim, 21:53
Tukapande treni tuirudishe wakaipige sevisi

Salim wa Zuhura, 21:55
Mamkubwa, vuta ile sahani ya chuma inayoteleza, karibu na sindano. Ndani kuna kidude cha chuma chenye umbo la mashua, ndimo bobini inamokaa. Kipo?

Rukia, 22:01
Hamna. Pako wazi.

Salim wa Zuhura, 22:02
Bila kile haishoni. Na bobini za siku hizi za duara haziingii humo, yake ni nyembamba ndefu. Nani aliipeleka kwa fundi mara ya mwisho?

Rukia, 22:04
Aliyeipeleka anajijua.

Haji, 22:06
[Ujumbe huu umefutwa]

Rukia, 22:07
Andika tu Haji, usifute. Na ile ya miguu nayo ilikokwenda unakujua. Mama aliishonea kanzu za mtaa mzima, akarudi sokoni akaikuta haipo ukumbini, akakaa chini.

Mama Nasra, 22:09
Wifi, haya tuliyamaliza siku ya khitma.

Rukia, 22:10
Nyinyi mliyamaliza.

Fatma Muscat, 22:31
Mama tafadhali. Tuzungumze vitu.

Haji, 22:40
Usiku mwema.

ALHAMISI

Rukia, 07:15
Waliotoa: Fatma, Salim. Wawili!! Mwana wa Dar hata salamu hajajibu.

Fatma Muscat, 07:40
Nimemuuliza mwenzangu wa huku anayefanya kazi ya kuhifadhi nguo makumbusho. Kasema msifunge kanga kwenye mifuko ya nailoni, joto la kwetu likikutana na unyevu ndani ya nailoni ukungu unaingia. Msizungushie magazeti pia, yanaacha umanjano. Zungushieni shuka kuukuu ya pamba iliyofuliwa na kukauka vizuri. Na zikunjwe upya, si kwenye alama zile zile za mikunjo, ndipo zinapokatikia.

Fatma Muscat, 07:42
Na mtoe pini zote. Kutu ya pini haitoki kwenye kitambaa cheupe.

Mama Nasra, 07:50
Na karafuu? Mama alikuwa akitia karafuu kwenye kasha

Fatma Muscat, 07:55
Tieni, ila kwenye kijifuko cha kitambaa. Zikilalia nguo zenyewe zinaacha doa.

Salim wa Zuhura, 09:20
Nimeanza kupiga picha daftari, ukurasa kwa ukurasa, barazani kwenye mwanga wa mchana, sitii flashi. Jamani. Mnajua mna nini humu? Mbele kuna michoro ya viua, yale matundu ya nakshi ya kofia, mingine kaichora kwenye karatasi za mifuko ya sukari akaibandika. Karibu kila mchoro kauandikia kofia ya nani, na kichwa chake kilipimwa kwa uzi, uzi wenyewe kaushona pale pale kwenye karatasi. Nyuzi za vichwa vya watu waliokwisha kufa zimo humu.

Salim wa Zuhura, 09:24
[Picha 6]

Salim wa Zuhura, 09:31
Nyuma ni majina ya kanga. Lile la korosho lina chapa ya Mali ya Abdulla, wale wa Mombasa walioanza 1887, yeye kaandika "Wema hauozi, kanipa dada Asha." Pana kanga moja jina lake lipo kwa herufi za Kiarabu. Nyingine ni za kiwanda cha Urafiki, Dar.

Kassim, 09:40
Someni ya ukurasa wa mwisho 😂

Salim wa Zuhura, 09:41
"Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Nimeivaa kwenda bombani."

Mama Nasra, 09:42
Yarabi. Ile vita ya bombani

Kassim, 09:43
Bibi alikwenda kuchota maji na silaha

Mama Nasra, 09:45
Na mwenzake kesho yake akatoka na yake, "Mdhaniaye siye kumbe ndiye." Mtaa mzima ulitoka kuchungulia

Fatma Muscat, 09:50
Mama Nasra yarikodi hayo kwa sauti, wallahi. Kanga bila kisa chake itabaki kitambaa tu, watoto wangu hawatajua.

Zuhura, 11:05
Assalaam alaykum. Jana usiku nilipita nyumbani nikachukua ule mfuko wa vitambaa vya kofia, vimepiga umanjano. Naviloweka kwa jiki vikitoka vyeupe tutavikunja vizuri

Fatma Muscat, 11:06
MAMDOGO USILOWEKE

Fatma Muscat, 11:06
Mamdogo Zuhura??

Fatma Muscat, 11:07
Kuna kofia humo haijakwisha. Mchoro ni wa penseli, ukifuliwa unafifia. Na jiki inakula uzi.

Rukia, 11:09
Zuhura pokea simu.

Kassim, 11:15
Hapa ndipo pa kuvaa ile kanga ya simba

Mama Nasra, 11:16
Kassim 😂

Kassim, 11:17
"Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu," doti moja kwa Shangazi Zuhura

Rukia, 11:20
Kassim nyamaza. Nimepiga mara ngapi sijui, haipokelewi. Salim, mama yako yuko wapi?

Salim wa Zuhura, 11:34
Mimi niko Kikwajuni, yeye atakuwa nyumbani Fuoni. Simu huwa anaiacha chumbani akiwa uani.

Fatma Muscat, 11:36
Panda daladala nenda.

Kassim, 11:40
Kwani kofia ni ya nani?

Rukia, 11:41
Hatujui. Kwenye daftari pana uzi wa kipimo, jina hakuandika.

Fatma Muscat, 12:10
Kila Ijumaa naona wanaume huku na kumma zao, kofia za Kiomani, matundu ni kazi ile ile ya kwetu. Nyingi sasa ni za mashine. Ya mkono ukiishika unajua, kila tundu limetobolewa likazungushiwa uzi peke yake. Kofia moja miezi. Na hiyo ndiyo ya mwisho aliyoishika Bibi.

Zuhura, 13:48
Jamani nilikuwa nafua, simu ndani. Mbona mmenipigia hivi kama kuna msiba

Zuhura, 13:50
Nimeloweka yale mabafta matupu na mito. Kofia nimeiweka kando juu ya kabati. Sindano bado imo na uzi wake, nikashindwa kuitia maji.

Fatma Muscat, 13:51
Alhamdulillah

Rukia, 13:52
Alhamdulillah. Irudishe leo. Na elfu kumi na tano.

IJUMAA

Rukia, 08:30
Nimepata fundi. Anasema cherehani ataitia mota na kile kidude kinachokosekana atabadilisha mfumo wote wa chini, itumie bobini za kawaida. Laki na themanini. Tukigawana si nyingi. Itashona, kuliko kukaa pambo.

Salim wa Zuhura, 08:45
Mamkubwa, akiibadilisha chini atatoboa chuma. Haitakuwa tena ile. Vidude vile bado vinauzwa, mimi nitatafuta. Kwa sasa mafuta ya taa kidogo yalegeze mafuta ya zamani yaliyoganda, kisha mafuta ya cherehani. Nani alikuwa anaitia mafuta ya kula? Imeganda yote.

Mama Nasra, 08:47
Sisemi

Rukia, 08:50
Salim unatafuta tangu lini na utapata lini? Mimi nataka Jumamosi pawe na jambo limekwisha.

Bi Asha, 10:22
[Ujumbe wa sauti 3:41]

Mwana Dar, 10:40
Shikamooni. Niko ofisini siwezi kusikiliza. Mama Mdogo kasema nini?

Salim wa Zuhura, 11:05
Nimemwandikia Mama Mdogo Mwana na wote wasioweza kusikia, neno kwa neno:

"Assalaam alaykum wanangu. Nasra kanisomea yote mliyoandika. Nianze na kofia. Kofia isiyokwisha haifuliwi, na Zuhura Mungu alimwongoza. Viua vya ukuta dada alimaliza, vya kichwani bado. Sindano itoeni, itashika kutu. Uzi msiukate, ufungeni pale pale uliposimama. Mimi mkono wangu unatetemeka, siwezi kuimalizia, lakini macho ninayo, na mtu akikaa mbele yangu nitamwelekeza tundu kwa tundu. Ya pili, cherehani isitiwe mota. Dada aliizungusha kwa mkono wake. Ya tatu. Rukia mwanangu, unisikilize. Cherehani ya miguu Haji hakuiuza kwa tamaa yake. Nilimtuma mimi, na mama yenu alijua kabla hajatoka kwenda sokoni. Alikaa chini kwa uchungu, hakukaa kwa kuibiwa. Pesa zilikwenda palipotakiwa ziende. Aliniomba nisiseme ni wapi, na sitasema. Lakini Haji amelibeba neno hili miaka yote hajafungua mdomo, na mimi nimechoka kulisikia. Na kofia hiyo ni yake. Alikuja nikapima mimi kichwa, dada akakata uzi. Basi."

(Hakuna aliyeandika kitu kuanzia 11:05 mpaka 14:20.)

Mwana Dar, 14:20
Nimesoma. Nimetuma elfu thelathini, na ya Mama Mdogo Asha nimemlipia.

Rukia, 14:52
[Ujumbe huu umefutwa]

Rukia, 15:03
Nimekusikia Mama Mdogo.

Zuhura, 15:10
Tumekusikia Mama Mdogo. Allah akupe afya.

Kassim, 15:12
Bibi tumekusikia. Shangazi nimetuma na mimi, angalia.

Rukia, 15:40
Imeingia. Fundi wa mota nimemwambia asije.

Rukia, 15:44
Sasa kasha linakaa wapi? Mimi nasema kwangu Fuoni. Nina chumba kikavu, hakuna mchwa.

Salim wa Zuhura, 15:50
Kama kofia itamaliziwa, na kama tunataka Bibi Asha atuambie kila kanga ni ya kisa gani, si bora likae kwake Jang'ombe? Mimi nitakwenda kila Jumapili na daftari. Anayejua ni yeye, na sisi tunahangaika na bawaba.

Mama Nasra, 15:52
Chumba cha Mama Mdogo ni hicho hicho kimoja. Kasha likiingia yeye alale wapi?

Fatma Muscat, 16:00
Basi daftari na kofia ziende Jang'ombe, kasha na cherehani Fuoni.

Rukia, 16:02
Nimesema tangu Jumatano visitenganishwe.

Zuhura, 16:05
Na nani atakaa kuimalizia hiyo kofia? Mimi nilifundishwa viua nikaacha, lakini mkono unakumbuka kidogo. Nasra naye mwepesi wa sindano. Haji atuambie kwanza kama anaitaka imaliziwe au ibaki ilivyo.

Salim wa Zuhura, 16:30
Mjomba Haji?

Rukia, 17:15
Gari la kubebea linakuja saa moja asubuhi. Zuhura lete kofia na mito. Salim lete daftari, usiache kwenye daladala. Mkebe wa vifungo asiufungue mtu njiani.

Haji, 21:26
Nitakuja baada ya alasiri. Kasha lisifungwe kabla sijafika.

Rukia, 21:31
Haji, mafundi wanaanza saa mbili asubuhi.