Baridi ya Mufindi inanishinda: watoto hawanawi mikono. Mnafanyaje huko kwenu?

Mwalimu wa Afya, Mufindi (Julai 4, 2020)

Kamweneni ndugu zangu. Nafundisha shule moja ya msingi huku Mufindi, darasa la nne, na ndiye mwalimu wa afya. Tumefungua Jumatatu, Juni 29, baada ya kukaa nyumbani tangu Machi 17. Ndoo zenye koki zipo mlangoni, sabuni ya mche ipo, madirisha nafungua. Habari za korona watoto wanazijua, hata wimbo wa kunawa wanao. Kinachonishinda ni baridi.

Saa moja na nusu asubuhi umande umeganda, uwanja mweupe. Maji yamelala nje usiku kucha. Mtoto anafika, anagusa maji kwa ncha ya kidole, anajifuta kwenye sweta, anaingia darasani. Siku mbili za kwanza niliwafokea. Jumatano nikamshika mmoja mkono nimnawishe mwenyewe, akapiga yowe. Kuuangalia ule mkono, ngozi ya vidole imepasukapasuka, mistari myekundu kwenye kila kiungo, na sabuni imeshaingia humo. Niliumia sana. Nikakagua darasa zima, watoto 68, karibu nusu yao mikono iko hivyohivyo. Kumbe walikuwa wanaogopa maumivu, mimi nawaita wabishi.

Madirisha nayo ni hivyohivyo. Nikigeukia ubao tu, nasikia limefungwa. Wengine hawana soksi, na wazazi wanaondoka alfajiri kwenda kuchuma chai, nani atamkagua mtoto kabla hajatoka?

Naombeni mbinu, hasa nyie wa Makete, Njombe na Mbeya. Tafadhali msiniambie niwasimamie kwa fimbo.

Nesi wa Uyole

Pole na kazi, mwalimu. Kwanza hili likutoe hofu: maji ya baridi yanafaa kabisa. Kirusi hiki kimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni ndiyo inayouvunja. Maji ya uvuguvugu unayatafuta ili mtoto akubali kusugua zile sekunde 20 bila kukimbia.

Mikono iliyopasuka usiipitishie kitakasa mikono chenye spiriti, itawaunguza na kesho hawatasogea kabisa. Sabuni ya unga pia iache, ni kali. Wanawe, wakaushe vizuri (mkono ukibaki na maji kwenye baridi hiyo ndipo unapopasuka zaidi), halafu wapake mafuta ya mgando kidogo. Mwenye kidonda kinachotoa usaha mpeleke zahanati.

Mwl. Makete

Dada, hilo la baridi ndiyo maisha yetu. Sisi madumu yanalala ndani ya jiko la shule, hayalali nje. Mpishi wa uji akiwasha moto asubuhi, sufuria ya kwanza ni ya maji ya kunawa, tunachanganya na ya baridi kwenye ndoo. Kwenu mabanzi si yamejaa kwenye mashine za mbao? Kila mtoto alete kipande kimoja kwa wiki.

Madirisha usifungue yote. Fungua mawili yanayotazamana, upande usiopigwa na upepo wazi zaidi, na mlango. Kipindi kikiisha, wote nje, fungua kila kitu dakika kumi. Kusoma kwa sauti na hesabu za kichwa nafanyia nje, ukutani panapopigwa na jua la asubuhi. Wanapenda kweli.

Mama wa watatu, Tukuyu

Mimi ni mzazi tu. Mwalimu, angalia na jambo hili: binti yangu alikohoa darasani, mafua ya kawaida ya msimu, wenzake wakahama dawati wakimwita korona. Siku mbili hakutaka kwenda shule. Ongea nao kabla halijaanza kwako.

Mwalimu wa Afya, Mufindi (Julai 11)

Nimerudi, asanteni sana. Mpishi wetu amekubali, anachemsha sufuria moja kubwa kabla ya uji. Mabanzi yamekuja mengi hadi nikawaambia wapumzike. Mafuta nimenunua kopo moja la kuanzia, natia kidogo kwenye kiganja cha kila mtoto akishakausha mikono.

Mama wa Tukuyu, lilikuwa limeshaanza. Nilimkuta kijana mmoja amekaa peke yake dawati la nyuma tangu Jumanne, na mimi sikuwa nimeona. Nimekaa naye, kisha nimeongea na darasa zima.

Yule niliyemshika mkono, jana alifika wa kwanza. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akanyoosha viganja vyote viwili apewe mafuta. Mipasuko imeanza kufunga.

Kopo halitatosha hadi Ijumaa ijayo. Kamati za shule nyingine zinalipia mafuta kutoka fungu gani?

Mwl. Makete

Sisi wazazi wanachanga mafuta ya alizeti, kijiko kimoja kimoja kwenye chupa ya darasa. Yanalainisha vizuri. Jaribu hayo wakati unasubiri kamati.