Nipo Mafia na mama na mtoto, kusi limechachamaa: tutembelee wapi?

Msafiri_Dodoma

Wakuu, salaam. Nipo Utende, kisiwani Mafia, pamoja na mama yangu mzazi (miaka 68) na mwanangu wa miaka 9. Likizo yangu kazini imeangukia Juni na haisogezeki, ndiyo maana tumekuja kipindi hiki. Tulivuka kutoka Nyamisati kwa kivuko. Kwenye delta ya Rufiji maji yalikuwa shwari, ila tulipotoka nje kidogo tu mama akaanza kutapika mpaka Kilindoni.

Sasa Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari: upepo wa kusi unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mvua inanyesha, inakatika, inarudi. Nahodha wa kwanza tuliyeongea naye amekataa kututoa nje ya ghuba. Lakini kuna kijana hapa ufukweni anasema yeye atatupeleka mpaka nje tukaone matumbawe, tumuongezee tu hela ya mafuta.

Mtoto anaulizia papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, kila baada ya dakika tano. Mama anataka kuona chochote ilimradi asitapike tena. Nataka warudi Dodoma na kitu cha kusimulia. Wenyeji na mliowahi kufika, naombeni ushauri.

Kinyozi_wa_Ilala

Mkuu, kama hela ipo, panda ndege urudi. Kilindoni mpaka Dar ni kama nusu saa. Mimi kusi lilinikuta hukohuko na sikuona zaidi ya paa la gesti. Mafia ni ya Oktoba mpaka Machi, potwe wanapokuwepo upande wa Kilindoni. Huyo mtoto mwambie ukweli mapema.

BintiChole

Kaka, karibu kwetu, na mpe mama pole ya safari. Nimezaliwa Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende, kaka zangu wawili ni manahodha, na mimi mwenyewe natembeza wageni kwa miguu. Nitakujibu kwa urefu, maana hili la watu kukaa gesti wakiangalia mvua linaniuma.

Kwanza huyo kijana. Usimpe hata senti. Nahodha wa kwanza hakukukatalia kwa uvivu wala kwa kutaka bei. Ghuba ya Chole imezungukwa: visiwa vya Juani na Jibondo vinaikinga na bahari kuu, na mlango wake ni pale Kinasi. Maji yakianza kupwa, ghuba nzima inataka kutokea kwenye mlango ule, na kusi linasukuma kuingia. Upepo na mkondo vikikutana hivyo, mawimbi yanasimama wima, mafupi na ya karibukaribu, chombo hakipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi. Nimeona mashua nzima yenye mabaharia wanaojua kazi wakifua maji kwa ndoo mbili kwa pamoja. Umpeleke mama yako huko, na mtoto? Nahodha akikataa, mshukuru, na kesho umtafute yeye yuleyule, kwa sababu huyo ndiye atakayekuambia ukweli siku bahari itakaporuhusu.

Sasa yaliyomo ndani ya ghuba. Bahari ya ndani na bahari ya nje ni mambo mawili, na tahadhari ya mita 2 haimaanishi kwamba Utende hadi Chole kuna mita 2. Asubuhi mapema kusi huwa bado halijapata nguvu, linakaza mchana na kuendelea. Saa moja au saa mbili asubuhi, mashua za abiria zinavuka kama kawaida, wanafunzi, walimu na kina mama wa sokoni wamo humohumo. Ni kama robo saa tu. Mama akae katikati ya chombo, karibu na mlingoti, aangalie mbali Chole na si chini kwenye maji, na awe amekula kidogo. Muhogo wa kuchemsha unatosha. Tumbo tupu linatapisha kuliko lililoshiba.

Ukifika Chole hakuna gari. Mnatembea kwa vijia chini ya miembe na minazi, taratibu, mama hatachoka. Karibu na gati kuna magofu. Chole ndipo palikuwa makao ya watawala kabla ya Kilindoni: Waarabu wa Oman walikaa hapa, kisha Wajerumani, hadi mwaka 1913 walipohamishia ofisi Kilindoni kwa sababu kule meli kubwa zilipata maji ya kina. Mwanao muonyeshe gereza la zamani na lile hekalu la Wahindi ambalo mizizi ya mti imeteremka juu ya ukuta hadi hujui kama mti unaubomoa ukuta au ndio unaoushikilia. Mvua ikinyesha, mawe yale yanageuka meusi, nakshi za chokaa zilizobaki zinajitokeza vizuri kuliko siku ya jua kali. Mimi binafsi napenda kuyatembelea kukiwa na mawingu, na wala si maneno ya kumfariji mgeni.

Kisha nendeni kwa popo. Hawa si wale wa darini. Ni popo wakubwa wanaokula matunda, jamii moja na wa visiwa vya Komoro, wamejaa kwenye miti mpaka matawi yanainama. Siku ya jua wanajipepea na kugombana, kelele tupu. Siku ya mvua kila mmoja amejifunika mbawa mpaka shingoni, uso wa rangi ya tangawizi umetokeza, na ukisimama chini kimya utaona mmoja anafungua bawa moja, analilamba maji ya mvua, anajifunga tena. Mtoto wa miaka 9 atasahau potwe, nakuhakikishia. Ila msipige makofi ili waruke. Kuna watu wanafanya hivyo wapate picha, na wanyama wanachoka bure. Wanahama mti hadi mti, kwa hiyo ulizeni wenyeji leo wako wapi.

Na mvua ikizidi, msikimbilie gatini. Ombeni kukaa barazani kwa watu. Siku kama hizi kina mama wa Chole hawaendi pwani, wanasuka ukili. Mama yako akipenda ataona kazi yote: ukindu umechanwa na kutiwa rangi, vidole vinatembea bila macho kuangalia, ukili unaongezeka na kukunjwa mviringo pembeni, halafu baadaye unashonwa kuwa mkeka. Akikaa nao nusu saa watampa jani ajaribu. Akinunua mkeka anunue palepale kwa aliyeusuka.

Mjimbo_Kaskazini

BintiChole ameongea vizuri ila watu wa Utende mnasahau kwamba Mafia ina upande mwingine! Chukua gari mpaka Bweni ukaone mnara wa taa wa Ras Mkumbi, Wajerumani waliujenga mwaka 1892. Njiani unapita Kirongwe, mashamba ya minazi, na huku kaskazini kuna mabwawa yenye viboko. Wazee wanasema viboko hao walisukumwa na mafuriko ya Rufiji wakavuka bahari. Na huhitaji chombo chochote cha majini.

BintiChole

Mjimbo, sijasahau, nilikuwa bado naandika. Mnara ni mzuri kweli na bahari pale Ras Mkumbi wakati wa kusi inatisha kwa uzuri wake, mtu unaisikia kabla hujaiona. Lakini na mama wa miaka 68, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, mimi ningesubiri siku moja ya jua kwanza. Bodaboda msipande, tafuteni gari lililoinuka juu, mwende asubuhi kukiwa kumepambazuka vizuri. Na viboko huwa hawaonekani kwa kuitwa, mtoto asiahidiwe.

Kaka, kuna jambo moja la kumsimulia mwanao ambalo halihitaji hata kutoka barazani. Pale mlipopita kutoka Nyamisati ni mlangoni kwa delta ya Rufiji. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye vijito vya mikoko ya delta ile. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaweka ndege zao hapa kisiwani, na ndege hizo ndizo zilizokuwa zikiwaelekeza wapiga mizinga wa meli zao hadi Königsberg ikamalizwa Julai 11, 1915. Mwambie akivuka kurudi aangalie mikoko ile, afikirie meli nzima ya vita imefichwa humo.

Msafiri_Dodoma

Nashukuruni sana. Tumerudi kutoka Chole sasa hivi. Tulivuka saa mbili asubuhi, mama hakutapika, alikaa mlingotini kama ulivyosema na akaimba kaswida njia nzima na bibi mmoja aliyekuwa na kapu la dagaa. Mvua ikatukamata kwenye magofu, tukakaribishwa baraza la nyumba moja yenye mlango wa bluu. Mama kasuka ukili kama kiganja hivi, umepinda, kakataa kuuacha. Mtoto amechora popo kurasa tatu.

Yule kijana nimemwambia hapana. Alikasirika kidogo, ila jioni nikamuona naye kakaa, hakutoka.

Sasa maswali mawili. Tunaweza kufika kwenye magofu ya Kua, kule Juani? Na nimesikia huu ndio msimu wa kasa kuanguliwa, ni kweli?

BintiChole

Nimefurahi mno, na huo ukili asiufumue, hata wa kwanza wa kwangu ulipinda vivyo hivyo.

Kua inawezekana, ila ratiba atakupangia mwezi. Kufika Kua chombo kinapita kwenye mikoko, kunahitaji maji yajae. Yakipwa mnabaki mmekaa matopeni mpaka yarudi. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi hivi, na saa nne asubuhi yamekauka. Alasiri ndiyo saa ya kusi kali, kwa hiyo bamvua na kusi pamoja si rafiki wa safari hii. Lakini sasa mwezi una siku 22 tangu uandame, tupo kwenye maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na maji mafu hujaa asubuhi, kuanzia kama saa nne. Hiyo ndiyo bahati yenu. Hayajai sana, basi chukueni chombo chepesi na nahodha wa Juani au Chole anayejua mkondo wa mikoko. Ondokeni Utende saa mbili na nusu, mkiingia na maji yanayopanda, na mkitoka yakiwa bado hayajageuka vizuri. Msibishane naye akisema muda umeisha. Jaketi za kujiokolea ziwe tatu, na ya mtoto iwe ya mtoto, mumvalishe kabla ya kuondoka, si kuwekewa miguuni.

Kua ulikuwa mji mkubwa, una jumba la utawala na misikiti, na kuta zimetawanyika msituni kiasi kwamba bila mwenyeji mtapita karibu na msikiti bila kuuona. Uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Wazee wetu wana kisa cha kabla ya hapo, cha Kua na Kisimani, mji mwingine wa zamani wa Mafia: watu wa Kisimani walizindua jahazi kwa kuliburuta juu ya watoto wa Kua, na baada ya miaka watu wa Kua wakawaalika kwenye harusi, wakawafungia ndani ya chumba, wakaziba mlango kwa mawe. Msimulie mtoto au usimsimulie, wewe ndiye baba yake. Mimi nilisimuliwa nikiwa mdogo kuliko yeye na kila nikipita kwenye zile kuta naongea polepole.

Pana sehemu pale watu bado wanaweka nadhiri zao. Mkiona kitambaa au chetezo, msiguse. Na mawe ya matumbawe yakilowa yanateleza na yana ncha. Mama avae raba zenye kushika, kandambili aziache Utende. Akisita mahali, akae kivulini kwenye jumba la utawala, nyinyi mzunguke na kumrudia.

Kasa: ndiyo, ni kweli. Viota vinavyotagwa wakati wa masika huanza kuanguliwa Juni na kuendelea hadi Septemba hivi, ufuko wa mashariki wa Juani. Viota vinalindwa na wanakijiji wanaofanya kazi na Sea Sense, shirika la kuhifadhi viumbe wa baharini, na anayetoa taarifa ya kiota hulipwa, kisha huongezewa kulingana na vitoto vilivyotoka salama. Zamani mayai yale yalikuwa yanaliwa, sasa mtu anakilinda kiota kama akiba yake. Waulizeni kama kuna kiota kinachokaribia, maana wanahesabu siku tangu kutagwa, kama 55 hivi. Lakini kufika huko ni kutembea kukatisha msitu wa Juani juu ya mawe, na vitoto hutoka jioni, maana yake mnarudi ghubani kusi likiwa bado linavuma. Wewe na mtoto sawa, kama nahodha atakubali. Mama abaki Chole, nitamtafutia ukindu.

Kinyozi_wa_Ilala

Dada, nimesoma yote. Nikirudi, nitakutafuta. Mkuu, ongeza siku moja kwenye safari ya kurudi. Kivuko kikizuiwa kwa hali ya hewa hakuna wa kumlaumu.

BintiChole

Hilo la Kinyozi lishike, kaka. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilitua hapahapa Mafia, vyombo vyote vilisimama, na waliokuwa na tiketi ya siku ile walikaa. Juni haina vimbunga, ila zuio la siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Piga simu Kilindoni jioni kabla ya siku ya safari, kisha asubuhi tena kabla hujalipa gari la kuwatoa Utende, ni kilomita kama 15 na mizigo. Kesho saa mbili na robo nitakuwa gatini Utende na kaka yangu mkubwa. Akiiangalia bahari akasema tusubiri, tutasubiri.