Naomba ushauri: namna ya kuwafafanulia wanafunzi polihedra

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha hisabati hapa Arua, Uganda, na jioni huwasaidia wanafunzi wachache wa sekondari wanaopenda kufafanuliwa kwa Kiswahili yale waliyofundishwa kwa Kiingereza. Juma lililopita tulifika kwenye polihedra, yaani maumbo ambayo kila uso wake ni bapa na umezungukwa na kingo zilizonyooka, kama vile miche na piramidi. Tufe na mcheduara havimo.

Nilipowaambia kwamba polihedra sare (ambazo nyuso zake zote zinalingana na kila uso una pande na pembe sawa) zisizo na mbonyeo ni 5 tu, zenye nyuso 4, 6, 8, 12 na 20, msichana mmoja alikata manila, akaunda piramidi mbili za pembetatu sawa, akazigandisha kitako kwa kitako kwa gundi, kisha akauliza kwa nini hiyo isiwe ya 6. Nyuso zake 6 zinalingana kweli, na kanuni ya Euler inakubali: vipeo (yaani ncha) 5, toa kingo 9, jumlisha nyuso 6, jibu ni 2, kama kanuni inavyotaka. Nikamwomba aweke kidole kwenye ncha ya juu, ambako nyuso 3 hukutana, kisha kwenye kona ya kiunoni, ambako hukutana 4, ilhali katika polihedra sare idadi hiyo lazima iwe ileile kwenye kila kipeo. Yeye alielewa mara moja, lakini wenzake walidhani nimeongeza sharti ili kumshinda, jambo lililoniumiza.

Je, sharti la vipeo niliweke katika ufafanuzi tangu mwanzo, au niwaache waunde maumbo kwanza na kuligundua wenyewe? Tena, ninyi hutumia neno gani la Kiswahili kwa polihedra?